Crosstalk ya Connie Willis: telepathi isiyo na kitufe cha kuzima

Riwaya hii ya mwaka 2016 ina kurasa zinazokaribia 500, na kama mia moja za mwanzo zitakukera. Zimeandikwa zikukere. Briddey Flannigan anaegesha gari kazini asubuhi akiwa na jumbe 42 kwenye simu, na tangu hapo haipiti nusu ukurasa bila mtu kumdaka. Kuna dada anayetaka ushauri juu ya wanaume wa mtandaoni, dada mwingine anayemchunga binti yake kama mfungwa, shangazi Oona mwenye Uairishi wa kupitiliza, na wafanyakazi wenzake ambao wamekwisha kuusikia umbea kabla yeye hajafika mezani. Simu inaita katikati ya maongezi, ujumbe unaingia katikati ya simu, mtu anabisha hodi katikati ya ujumbe. Msomaji anaanza kunong'ona "jamani, mwacheni apumue", na hapo bado hakuna aliyeingia kichwani mwake.

Kampuni anayofanyia kazi, Commspan, inatengeneza simu na iko mbioni kuiwahi Apple. Mpenzi wake, Trent, anafanya kazi hapohapo na ana haraka ya kupanda ngazi. Badala ya kuleta pete, anataka kwanza wafanyiwe EED, upasuaji mdogo wa ubongo unaowawezesha wapenzi wawili kuhisi hisia za kila mmoja. Wote wawili lazima wafanyiwe, na lazima wapendane kweli, maana bila hivyo muunganiko haushiki. Kisha husubiriwa kama saa 24. Briddey anazinduka, anaita, na anayejibu si Trent. Ni C.B. Schwartz, mhandisi wa maabara ya chini kabisa pale kazini, nywele timutimu, mtu aliyekuwa amemsihi asifanye upasuaji huo. Na hamletei hisia, anamletea maneno kamili: ni telepathi, yaani kusikia fikra za mwingine moja kwa moja.

Sharti la mapenzi ndilo linaloendesha msuko wote. Akimwambia Trent ukweli, atakuwa amekiri kwamba ameunganika na mwanamume mwingine, na kila mtu anajua hilo maana yake nini. Basi anaficha. Uongo wa kwanza unachekesha, wa pili unaongeza taharuki, ila ukifika wa tano au wa sita utaona kwamba sentensi moja ya kweli ingemaliza kila kitu, na mwandishi ndiye anayemziba mdomo. Vichekesho vya kukosana-kosana vina kawaida hiyo, na Willis ni fundi wake, lakini hapa kamba imevutwa mno.

Sehemu inayostahili pesa yako ni ya katikati. Telepathi ya Briddey haibaki ya watu wawili. Inaongezeka sauti ya mtu asiyemjua, halafu nyingine, halafu akiwa ukumbini kwenye maonyesho, kati ya umati, zinamwagika zote kwa pamoja. Willis amefanya jambo la akili sana hapo: sauti hizo hazina siri za kusisimua. Ni manung'uniko, tamaa, chuki ndogondogo, mahesabu ya bili na viatu vinavyobana, kutoka kwa mamia ya watu kwa wakati mmoja. Wanaoandika telepathi kwa kawaida huihesabu kuwa nguvu ya kujua. Yeye anaihesabu kuwa mzigo wa njia ya mawasiliano iliyofurika.

Na anavyoieleza inaendana na tunavyojua kuhusu usikivu. Mwaka 1953 mtafiti Colin Cherry aliwavisha watu spika za masikioni, ujumbe mmoja sikio la kulia na mwingine la kushoto, akawaambia warudie kwa sauti ule wa upande mmoja tu. Walifaulu vizuri, na wa upande wa pili hawakukumbuka karibu chochote. Hata ulipobadilishwa kutoka Kiingereza kwenda Kijerumani wengi hawakugundua. Lakini kichujio hicho cha akili kinahitaji mahali pa kushika: sauti itokee upande fulani, iwe nene au nyembamba, ya kike au ya kiume. Fikra inayotokea ndani ya kichwa haina kushoto wala kulia, kwa hiyo kichujio kinakosa pa kuanzia. Ndiyo maana Briddey, ambaye amezoea kelele za simu na za ofisi, anaanguka kwa dakika chache tu.

C.B. amekuwa na sauti hizi tangu utineja, na mbinu zake ndizo kurasa nzuri kuliko zote. Kwanza anamkimbizia maktaba, kwenye chumba cha kusomea. Sababu yake ni ya kiufundi: watu wanaosoma fikra zao zimepangika, zinakwenda kwa mwendo mmoja kufuata mistari, na mvumo wao unafunika kelele za nje. Kisha anampa kazi ya kusoma mwenyewe, au kuimba moyoni nyimbo zenye beti nyingi. Kisha wanajenga uzio wa kufikirika, wa kuona kwa macho ya akili hadi vifaa ulivyojengwa navyo, na Briddey anatakiwa aushikilie mpaka usimame bila kusukumwa. Mwisho kabisa, ndani ya uzio, chumba salama chenye mlango. Utaratibu huo haurukwi. Anayeanzia chumba kabla ya uzio hana kitu, na hata uzio uliokwisha kusimama hulegea mtu akichoka au akiingiwa na woga, yaani saa ileile unapohitajika.

Kipengele cha nyimbo kitamfurahisha anayejua kidogo saikolojia ya kumbukumbu. Katika mfumo ulioelezwa na Alan Baddeley na Graham Hitch mwaka 1974, na kuendelezwa baadaye, kuna sehemu ndogo ya akili inayoshikilia maneno kwa kuyarudiarudia kimoyomoyo. Mpe mtu orodha ya maneno ya kukumbuka huku anatamka "na, na, na" mfululizo: idadi anayokumbuka inashuka, kwa kuwa njia ile imeshikwa. C.B. anafanya hivyohivyo kwa makusudi. Wimbo wenye maneno unaikalia njia. Muziki mtupu ungeiacha wazi. Sijui riwaya nyingine ya telepathi iliyotoa kinga unayoweza kuijaribu sebuleni.

Kadi za Zener nazo zimo, kama ilivyotarajiwa. Ni kadi 25 zenye alama tano (duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota), zilizotumiwa na mtafiti J.B. Rhine katika Chuo Kikuu cha Duke miaka ya 1930 kupima telepathi: mtu anataja alama ya kadi asiyoiona. Anayebahatisha hupata wastani wa majibu matano sahihi. Matokeo ya Rhine yalishambuliwa sana, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba alama za baadhi ya kadi za mwanzo ziliweza kuonekana hata kwa nyuma. Ukisoma sehemu hizo, kumbuka kwamba mwenye telepathi anayetaka kujificha ana kazi ngumu kuliko inavyoonekana: akikosa zote 25 amejichongea, kwa maana kukosa zote kwa bahati tu hutokea kama mara nne katika majaribio elfu. Inabidi alenge tano.

Sayansi inapochechemea ni kwenye asili ya kipaji. Willis anakifunga na damu ya Kiairishi, na kuleta jeni kama ushahidi. Kama utani, unamfaa shangazi Oona. Kama maelezo, haushiki. Waairishi hawakuishi kwenye chupa. Alama za kijeni zinazotajwa sana kuwahusu, kama kundi la R1b, zimejaa Ulaya Magharibi yote. Isitoshe R1b iko kwenye kromosomu Y, ambayo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, wakati familia ya Flannigan tunayoijua hapa ni ya wanawake watupu. Ingekuwa afadhali asieleze kabisa.

EED yenyewe pia imeelezwa juujuu, na anayependa kujua vifaa atabaki na njaa. Kwa kulinganisha, jaribio halisi la Chuo Kikuu cha Washington mwaka 2013 lilipitisha jambo moja tu. Mtafiti Rajesh Rao, akiwa na kofia ya EEG, yaani ya kupima umeme wa ubongo, alifikiria kusogeza mkono. Koili ya sumaku juu ya kichwa cha mwenzake Andrea Stocco, kwenye jengo jingine, ikakisogeza kidole chake kwenye kibodi. Amri moja, kidole kimoja. Kutoka hapo hadi kuhisi mapenzi ya mwenzako ni mbali, na Willis anauruka umbali huo bila hata kuutazama chini.

Mapenzi ya kitabu utayajua mwisho wake kufikia sura za mwanzo. Trent ni wa karatasi: anapenda mikutano, mgahawa wa ghali na cheo, na hapewi hata dakika moja ya kumfanya msomaji asite. C.B. anachekesha, anajua mambo mengi mno, na ana bahati kwamba mwandishi anampenda. Anayewazidi wote ni Maeve, mpwa wa Briddey, mtoto mdogo anayezunguka ulinzi wa mama yake kwenye kompyuta kwa ustadi ambao watu wazima wa Commspan hawana. Kila akiingia, mazungumzo yanachangamka. Laiti angepewa nafasi kubwa na mapema zaidi.

Theluthi ya mwisho ina vigeuzo vingi vya haraka: fulani kumbe si fulani, mpango ndani ya mpango, na maelezo marefu yanayotolewa na wahusika waliosimama wakiongea wakati wangepaswa kukimbia. Utatuzi umepatikana, lakini kwa mkono wa haraka kuliko uzio uliojengwa kwa subira kule maktaba. Ukipunguza kurasa 120, nyingi kutoka mwanzo na mwisho, ungebaki na riwaya nzuri sana.

Isome kwa vikao virefu. Kwa vipande vya dakika kumi, sura za mwanzo zitakuwa kero juu ya kero, na hutafika ukumbini. Utani mwingi unategemea kujua filamu za zamani na vyakula vya watoto vya Marekani. Unaweza kuuruka bila kupoteza kisa. Waliomjua Willis kwa Doomsday Book (1992), iliyotwaa tuzo za Hugo na Nebula za hadithi za kubuni za kisayansi, wasitegemee uzito ule. Hapa yuko karibu zaidi na To Say Nothing of the Dog, ambayo kwa vichekesho ni bora kuliko hii, na iliyokatwa vizuri zaidi. Anayetaka telepathi ya vita na majasusi apite tu. Ila kwa sura za maktaba, hata azima nakala ya mtu.