Kufyonza tope la zebaki Minamata: tathmini ya huduma iliyogharimu yeni bilioni 48.5

Anayetafuta huduma ya kuondoa metali zenye sumu kwenye tope la chini ya maji hawezi kuikwepa kazi iliyofanyika katika Ghuba ya Minamata, kusini mwa Japani, kati ya mwaka 1977 na 1990. Msimamizi wake alikuwa Mkoa wa Kumamoto, na kilichotakiwa kilikuwa kimoja: tope lenye zebaki litengwe na samaki. Kwa kipimo hicho kazi ilifanyika vizuri. Hata hivyo, kuiita usafishaji ni kuipa sifa isiyostahili, kwa sababu zebaki iliyotolewa kwenye sakafu ya bahari ingali Minamata hadi leo, imefukiwa nyuma ya kuta za chuma.

Kiwanda cha kampuni ya Chisso kilitumia zebaki kutengeneza asetaldehidi, kemikali ya viwandani, tangu mwaka 1932 hadi 1968, na kwa miaka mingi maji yake machafu yalimwagwa kwenye bandari ndogo ya Hyakken, ndani kabisa ya ghuba. Ugonjwa wa Minamata, yaani sumu ya zebaki kwa waliokula samaki wa eneo hilo, ulitambuliwa rasmi Mei 1956. Zebaki iliyofika baharini hukadiriwa kuwa kati ya tani 70 na 150, na upande wa Hyakken tope lake lilifikia unene wa mita 4. Metali haiozi, isipofunikwa au kuondolewa, huingia kwa wadudu wa topeni, kisha kwa samaki, kisha kwa mlaji.

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuweka kizingiti: tope lenye zebaki ya miligramu 25 au zaidi kwa kila kilo lishughulikiwe, lililo chini ya hapo liachwe. Eneo lililoangukia ndani ya mpaka huo lilikuwa hekta 209. Wahandisi hawakujaribu kuhamisha tope lote. Sehemu ya ndani, ambako sumu ilikuwa nzito zaidi, ilizungushiwa kuta za mabati ya chuma yaliyopigiliwa ardhini, na tope lake likaachwa lilipokuwa. Tope la sehemu ya nje, yenye hekta 151, lilifyonzwa na kumwagwa juu yake. Meli zilizotumika hazikuwa na meno ya kukatia, jambo ambalo msomaji asiye mhandisi anaweza kuliona dogo ilhali ndilo lililoamua kila kitu, kwa maana meno hutifua tope, na tope likitifuliwa zebaki husambaa upya majini. Wakazi waliliona hilo mapema: mwezi Desemba 1977 walikwenda mahakamani kutaka kazi isimamishwe, na kazi haikuendelea mpaka mwaka 1980, baada ya ombi lao kukataliwa. Kuchelewa huko kunalalamikiwa na wapenda ratiba. Mimi nadhani mteja yeyote mwenye busara angepaswa kuuliza walichouliza wakazi wale kabla ya kutia saini.

Tope lilipotulia, lilitandazwa zulia la nyuzi za viwandani, juu yake mchanga mwepesi wa volkano, kisha udongo wa mlimani. Ardhi mpya ya hekta 58 ikapatikana, sawa na viwanja vya mpira wapatao 80, na leo ni bustani ya umma yenye waridi na mianzi. Chini yake yamo pia mapipa ya samaki wenye sumu waliovuliwa ghubani. Kwa ufundi wa kufyonza na kufunika, naipa huduma hii nyota nne kati ya tano.

Bei ni kali. Jumla ya mita za ujazo zilizoshughulikiwa ni takriban milioni 1.5, kwa hiyo kila mita moja iligharimu karibu yeni 32,000. Sehemu kubwa ilibebeshwa Chisso, iliyobaki ikalipwa na serikali kuu na mkoa.

Matokeo hayakuja haraka. Wavu uliotandazwa mwaka 1974 kuzuia samaki wa ghuba wasitoke, ambao hata hivyo uliachiwa uwazi wa kupitisha meli, uliondolewa mwaka 1997, samaki walipothibitika kuwa chini ya kikomo cha Japani cha miligramu 0.4 za zebaki kwa kilo.

Udhaifu mkubwa uko kwenye ukuta. Chuma ndani ya maji ya chumvi huliwa na kutu, na zebaki haina tarehe ya kwisha. Kumamoto ilitikiswa na matetemeko makubwa Aprili 2016, na mtu hahitaji kuwa mtaalamu wa miamba ili kuona kwamba ghala la aina hii linahitaji mlinzi wa kudumu. Kwa uimara wa muda mrefu siwezi kutoa zaidi ya nyota mbili.

Huduma ya kulinganisha nayo ni ile ya Ziwa Onondaga, jimbo la New York, ambako kampuni ya Honeywell ilifyonza tope lenye zebaki kati ya 2012 na 2014, na ikafunika sehemu ya sakafu kwa tabaka lililochanganywa na mkaa maalumu unaonasa sumu. Aidha, kwenye kina kirefu humwagwa naitreti wakati wa kiangazi ili kuwazuia bakteria wasiigeuze zebaki kuwa methili-zebaki, aina ya zebaki inayojikusanya kwenye samaki. Mbinu hiyo ni ya werevu, ila inamfunga mteja kwenye matumizi yasiyokoma.

Kwa mito ya Geita na Migori inayopokea masalia ya wachimbaji wadogo wa dhahabu na kuelekea Ziwa Viktoria, nisingependekeza hata moja kati ya hizi kwa sasa. Minamata walianza kazi miaka 9 baada ya kiwanda kuacha kutumia zebaki. Huku kwetu chanzo bado kiko wazi, na tope limetawanyika kwenye vijito vingi badala ya ghuba moja. Atakayefika hatua ya kuandika zabuni aweke kifungu cha kusimamisha meli maji yakichafuka kupita kiwango, na kingine kinachotaja kwa jina taasisi itakayolipia ukaguzi wa ukuta baada ya mkandarasi kuondoka.