Nililipia weusi baridi, nikapewa kahawia

Studio yenyewe ni ya hapa London, jina silitaji; sitaki kesi. Niliagiza picha ya bibi ichapwe kwa platinamu, yaani picha yenyewe hufanywa na madini hayo, si wino. Amekaa barazani kwetu Lamu, ukuta mweupe nyuma yake, na buibui lake jeusi. Kwenye oda niliandika wazi: weusi wa kijivu, baridi, sitaki kahawia. Imekuja kahawia. Buibui la bibi limekuwa rangi ya halua!

Nikarudi nayo. Kijana wa mapokezi hata hakuitazama. "Platinamu ndivyo ilivyo, ina joto," akasema, vidole kwenye simu. Joto gani? Platinamu peke yake huelekea kijivu. Kahawia huja na paladiamu, madini ndugu yake, na ukiipasha moto dawa ya kusafishia picha, ya kuifanya itokee, ile oksaleti ya potasiamu, unaizidisha. Anayetaka ubaridi huongeza platinamu kwenye mchanganyiko, au husafishia kwa sitrati ya amonia. Paladiamu ilishika soko wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, platinamu ilipoadimika. Sasa tuko vitani? Nikauliza mmetia kiasi gani cha kila moja. Jibu: wateja wengine hawaulizi hayo.

Nikaapa, nyota moja. Lakini picha ilikaa sebuleni siku kadhaa, na haki ya mtu apewe: mikunjo ya buibui unaiona mmoja mmoja hadi gizani kabisa, na karatasi haina ule mng'ao wa kuudhi. Dada yangu, ambaye hasifu kitu, alisimama mbele yake muda mrefu. Nikasema basi, nyota tatu, labda nne. Hata kahawia ina watu wake.

Halafu nikaitoa kwenye fremu. Pembeni, palipopakwa kwa brashi ile dawa ya kunasa mwanga lakini pakazibwa mwanga usiingie, pana umanjano. Nje ya alama za brashi karatasi ni nyeupe pe. Hiyo si platinamu wala paladiamu, ni chumvi ya chuma ya dawa hiyo, iliyobaki kwa sababu mtu alikuwa na haraka ya kuitoa picha kwenye maji ya EDTA, dawa ya kuondoa chuma. Na ndiyo iliyouchafua ukuta wetu wa Lamu. Joto, eti!

Nyota moja, na hiyo ni ya mikunjo ya buibui. Picha siwarudishii ng'o. Wakitaka kuirekebisha waje na dawa zao nyumbani kwangu, yule kijana wamwache na simu yake.