FFARS kwenye zahanati: hesabu safi, ubao mtupu

Katika mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, unaochangiwa na wahisani, zilianza kuingia moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya Tanzania Bara, bila kupitia akaunti ya halmashauri. Mfumo wa kompyuta wa kuzihesabu na kuzitolea taarifa kituoni ni FFARS.

Kazi ya uhasibu inaifanya vizuri. Kila pokezi lina chanzo chake: Mfuko wa Pamoja, NHIF (bima ya afya ya taifa), CHF iliyoboreshwa (mfuko wa afya ya jamii), malipo ya papo kwa papo. Kila malipo yanaegemea kifungu cha bajeti iliyopitishwa kwenye PlanRep, mfumo wa mipango na bajeti.

Shida inaanzia kwenye bajeti yenyewe. Kituo kikinakili mpango wa mwaka jana na kubadilisha tarehe tu, fedha zinafika na kukuta kifungu cha matengenezo kimejaa na cha dawa kimekauka. Mganga mfawidhi anabaki na njia mbili: aombe kuhamisha fedha, jambo lenye barua na kusubiri, au anunue dawa na kuziandika kama matengenezo. Hesabu za uongo nyingi huzaliwa hapo, hata pasipo nia ya kuiba. Bajeti ya dawa ijengwe kwa matumizi halisi ya miezi 12 kutoka leja, na siku ambazo dawa haikuwepo zifidiwe, la sivyo upungufu wa mwaka huu unageuka kuwa mahitaji ya mwaka ujao.

Pili, FFARS inaonyesha kwamba umelipa. Haionyeshi kwamba mzigo umefika. Anayekagua aweke mezani hati ya malipo, ankara ya MSD (Bohari ya Dawa) au ya mshitiri (muuzaji binafsi wa kuziba pengo la MSD), hati ya kupokelea mzigo na leja ya stoo. Ikiwa makopo 20 ya amoxicillin yamelipiwa na leja ina 14, yale sita yatafutiwe maelezo siku hiyo hiyo, kabla kumbukumbu hazijapoa. Kwa ununuzi wa mshitiri, adai pia uthibitisho kwamba MSD haikuwa na dawa hiyo.

Udhaifu unaotuudhi zaidi ni kwamba mgonjwa anayechangia hana pa kuchungulia. Nywila ni za watumishi, naye amebakiwa na ubao wa matangazo. Ubao ulioandikwa "dawa na vifaa tiba" na jumla moja haumwambii kitu. Unahitaji mapokezi ya robo kwa kila chanzo, matumizi, bakaa, na orodha ya dawa zilizopokelewa pamoja na idadi na tarehe.

Kamati ya usimamizi wa kituo isisaini taarifa ya robo bila kuona taarifa ya benki. Salio la benki likitofautiana na la FFARS, usuluhisho, yaani ulinganisho wa salio hizo mbili, utaje sababu: makato ya benki, au malipo ambayo benki haijayapitisha. Tofauti isiyo na sababu irudishwe kwa mhasibu.

Utunzaji wa hesabu tunaupa nne kati ya tano. Uwazi kwa mwananchi, mbili. Ungepanda hadi nne iwapo kila robo ukurasa mmoja wa Kiswahili ungechapwa kutoka kwenye mfumo, ukabandikwa nje ya dirisha la dawa.