TAHADHARI: "Gibson ES-335 ya 1959" inayouzwa Dar ni feki, msitume hela

Wadau wa magitaa habari zenu. Naomba msome hii mpaka mwisho hasa nyie mnaotafuta semi-holo (gitaa la umeme lenye tumbo nusu wazi) ya zamani, na mkiweza wapelekeeni na wapiga solo wenzenu wa bendi na wa kanisani, maana kuna jamaa anazunguka hapa Dar na nasikia Morogoro pia kafika, anauza gitaa jekundu analosema ni Gibson ES-335 (gitaa maarufu la Kimarekani) ya mwaka 1959. Sio Gibson na sio ya 1959. Limefika mezani kwangu, nimelifungua, nimelimulika mpaka tumboni. Aliyelinunua ni kijana mdogo anayepiga solo kwenye kwaya, katoa milioni nne na nusu na sehemu ya hiyo hela ni mkopo wa kikoba cha mama yake. Inauma sana jamani.

Jina la jamaa siliweki kwa sababu halitawasaidia, ana majina mengi na laini nyingi. Mtambueni kwa staili yake. Anaanza na msiba, anakwambia gitaa ni la marehemu baba yake alikuwa mpiga solo kwenye bendi kubwa ya dansi enzi zile, familia imekaa imeamua liuzwe kwa mtu atakayelipiga kweli na sio mfanyabiashara, na wewe ameona unavyopiga kwenye video akajua ndo mwenyewe. Sasa kijana wa miaka ishirini na kitu akiambiwa hivyo moyo unamlainika, na hapo ndo anapopigwa. Kuna wazee wetu kweli walipiga magitaa mazuri miaka ile, na huyu anatumia heshima tunayowapa wazee kuibia watoto wetu, hiki ndo kimenifanya nikae niandike.

Halafu zinakuja picha. Kijana kanionesha zote kwenye simu yake. Moja gitaa limeegemezwa ukutani, pembeni chini kabisa kuna soketi ya umeme, ukiivuta picha unaona vitundu viwili virefu vimesimama na kitundu kimoja cha mviringo chini yake. Hiyo ni soketi ya Marekani ndugu zangu, yetu ni ya pini tatu bapa kama ya Uingereza. Yani picha imeibwa kwa muuzaji wa huko, na anakwambia amepiga sebuleni kwao Temeke! Na gitaa la kwenye picha lina nukta za duara kwenye ubao wa freti, lililoletwa lina vipande vya mstatili. Ni magitaa mawili tofauti kabisa.

Akishakuona umeingia anataka advansi ya haraka, kuna mtu wa Arusha anakuja kulichukua jioni. Kukutana anachagua mwenyewe, huyu kijana waliambiana kituo cha mafuta saa moja usiku, mwanga hafifu, hakuna ampu wala pa kuchomeka, gitaa liko kwenye kesi ngumu nzuri kweli. Na anasisitiza usiguse skrubu hata moja eti ukilifungua thamani inashuka. Hela unatuma kwa simu na jina linalotokea sio alilokutajia, anasema ni laini ya shemeji. Jina likija tofauti acha, funga simu ondoka, hakuna gitaa linalostahili hiyo risk.

Sasa nije kwenye gitaa lenyewe maana hapa ndo pa kujiokoa hata kama muuzaji ni mwingine. ES-335 ilitoka 1958 kiwanda cha Kalamazoo, Michigan. Ndani katikati kuna gogo la mepo (mti mgumu) limepita toka shingoni mpaka mkiani, pembeni mbavu mbili ziko wazi, ndo maana tunaita semi-holo. Lile gogo ndo linafanya upandishe voliumu jukwaani bila gitaa kupiga mluzi hovyo kama yanavyofanya ya tumbo wazi kabisa, na bado linabaki na ile sauti ya mbao, ya joto, inayopumua. Mi naipenda hiyo sauti kuliko kitu chochote kwenye muziki.

Mwaka 1958 mpaka 1962 hivi alama za kwenye ubao wa freti ni nukta, vile vipande vya mstatili vimekuja 1962. Kwahiyo mtu akikwambia 1959 na unaona mstatili, maongezi yameisha. Rangi nyekundu ya cheri nayo kwenye 335 imekuja kuwa ya kawaida toka 1960, ya 1959 utakayokutana nayo karibu zote ni sanbasti (katikati ya njano, kingo nyeusi) au rangi ya mbao yenyewe. Namba ya 1959 inakuwa kwenye lebo ya rangi ya chungwa ndani ya tundu la f (lile tundu la umbo la herufi f kwenye bodi), imeanza na herufi A, nyuma ya kichwa hakuna namba, kugonga namba kwenye kichwa wameanza 1961. Hili la kijana nyuma ya kichwa lina namba ya tarakimu nane na chini yake limeandikwa Made in USA. Maneno hayo Gibson wameanza kuyagonga 1970, na tarakimu nane zimeanza 1977! Yani aliyelitengeneza hakujisumbua hata kuangalia.

Na hizo tarakimu nane zina mpangilio, ya kwanza na ya tano ukiziweka pamoja ni mwaka, ya pili mpaka ya nne ni siku ya mwaka. Ukikuta 81672043 maana yake siku ya 167 ya mwaka 1982. Hili letu linaanza na 84127, sasa soma mwenyewe, siku ya 412 ya mwaka 1987. Siku ya 412 iko mwaka gani? Kuna matoleo machache ya miaka ya tisini hayafuati huu mpangilio na baadae urefu wa namba ukabadilika, ila kwa gitaa linalodaiwa la 1959 yote hayo hayahusu.

Kifuniko kidogo cha kwenye kichwa kinachoziba chuma cha shingo (kile cha ndani kinachonyoosha shingo), Gibson ni skrubu mbili. Hili lina tatu. Ukikitoa, Gibson unakuta nati ya shaba ya kukazwa kwa spana ya boksi, hapa nimekuta tundu la funguo ya alen. Hii ni ya dakika moja na bisibisi ya kawaida, muuzaji akikukatalia ujue kwanini anakukatalia.

Lebo nimeimulika kwa tochi ya simu na kioo kidogo cha mfukoni. Ni ya chungwa kweli na imeandikwa ES-335TD vizuri tu, ila imezeeshwa kwa chai au kahawa, ule weusi umevuka ukingo wa karatasi ukachuruzika juu ya mbao, na mbao yenyewe pembeni ni nyeupe kama imepasuliwa juzi. Karatasi imezeeka miaka sitini, mbao haijazeeka hata kidogo. Kwenye rangi ya juu nako kuna mistari ya kupasuka kama rangi za nitro (vanishi ya magitaa ya zamani) zinavyopasuka, lakini yote imeelekea upande mmoja, imenyooka, na ukipitisha ukucha unakwama. Ni wembe huo.

Poti (vidhibiti vya ndani) za voliumu na toni kuzitoa kwenye 335 ni kazi, hakuna mlango nyuma, unazifunga uzi unazishusha zitokee tundu la f, na kuzirudisha ni kuzivuta kwa ule uzi. Nimezitoa. Ni zile poti ndogo za bei rahisi hazina namba yoyote mgongoni, wakati za zamani ni kubwa na nyingi zina kodi ya kiwanda, 134 au 137 mwanzoni kisha mwaka na wiki. Pikapu, zile sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi, zina stika ya Patent Applied For chini, kama zile za Gibson za enzi hizo. Stika hizo zinauzwa mtandaoni kwa karatasi nzima, mtu asikutishe na stika.

Ila kuna ushauri mbovu nausikia sana, kwamba ukiona tabaka za plaiwudi ukingoni mwa tundu la f basi ni feki. Hapana. Bodi ya 335 ya kweli ni plaiwudi, mepo na popla, toka siku ya kwanza. Msije mkakataa gitaa zuri kwa sababu hiyo.

Bei nayo inasema. 335 ya kweli ya 1959 ni makumi ya maelfu ya dola. Mpya tu ya kutoka Nashville inazidi dola elfu tatu. Huyu jamaa anawatajia vijana ile ya 1964 ya mpiga gitaa maarufu wa Uingereza Eric Clapton iliyopigwa mnada Christie's mwaka 2004 kwa dola 847,500, anasema hili ukilitunza litafika huko. Lile lilifika huko kwa sababu ya aliyelipiga.

Na naomba nieleweke, sina shida na gitaa la bei nafuu. Mi mwenyewe napiga Epiphone Dot, semi-holo yenye gogo katikati, imeandikwa Epiphone na nililipa bei ya Epiphone, kila nikiikamata nafurahi. Kijana kwa milioni nne na nusu angepata Epiphone mpya safi kabisa, ampu nzuri, na chenji ya kurudisha kwenye kikoba. Hili alilonalo freti zinakata vidole na shingo imeanza kujikunja.

Kama umeshatuma hela pigia mtandao wako wa simu dakika hiyo hiyo uombe muamala uzuiwe, namba yake iripoti 15040, halafu nenda kituo cha polisi uchukue RB (namba ya taarifa yako). Kijana RB anayo tayari. Kinachotakiwa sasa ni ushahidi kwamba sio yeye peke yake, kwahiyo kama wewe au jamaa yako mna gitaa jekundu la namna hii na namba nyuma ya kichwa inaanza na 84127, nitumieni picha ya kichwa pande zote mbili na ya lebo ya ndani. Jana tu kaka mmoja wa Kigamboni kanitumia yake, na namba ni ile ile mpaka tarakimu ya mwisho.