Ramani ya radi ya Blitzortung: viangazi vitatu nikiwa nayo mkononi

Naanza na maksi kabisa ili mwenye haraka aende zake: nyota nne na nusu kati ya tano. Hio nusu niliyokata sio kwa sababu kitu ni kibovu, ni kwa sababu kuna kazi moja watu wanaitwisha ambayo haikutengenezwa kuifanya, nitafika huko.

Mi naishi Ujerumani, Duisburg, na nina kashamba ka kukodi kwenye zile bustani za mjini ambazo kila mtu ana kipande chake na kibanda cha mbao pembeni, nalima mahindi, mchicha, nyanya na maboga. Kwetu Tanga ukisema kiangazi mtu anawaza jua na vumbi na mvua hamna, sasa huku ni kinyume, kiangazi ndo msimu wenyewe wa radi. Kuanzia Mei mpaka Agosti hewa ya moto inapanda kutoka Hispania na Ufaransa, inakaa siku mbili tatu, joto linafika nyuzi 33, 34, shati linagandana na mgongo hata usiku, afu siku ya tatu jioni hewa ya baridi inaingia kutoka magharibi, inapita chini ya ile ya moto na kuinyanyua, na hapo ndo unaona wingu linapanda kama mtu analipuliza kwa mirija, saa moja tu limeshafika kilomita kumi na kitu juu na kichwa chake kimetandazika bapa kama fuawe la mhunzi.

Kiangazi changu cha kwanza na shamba nilikuwa nalipia kila mwezi apu ya hali ya hewa ya kampuni moja, jina naliacha, na siku moja ilikuwa inanionyesha saa nzima ijayo ni kavu, mvua ziko mbali huko Uholanzi na zinaelekea kaskazini. Nikabaki napalilia. Kumbe wingu jipya limezaliwa hapohapo juu yetu, halikutoka popote ili mtu alifuatilie, na baada ya robo saa ikashuka mvua ya mawe yenye ukubwa wa gololi. Nyanya zote chini, mahindi yamechanika majani kama yamepitishwa kwenye kichanio. Jirani yangu wa bustani, mzee mmoja Mjerumani aliyestaafu kazi ya umeme wa reli, zake alikuwa ameshazifunika turubai tangu saa nane mchana. Akaja kunisaidia kuokota zile za kijani ambazo bado zinafaa, afu akatoa simu yake akasema angalia hii. Ndo siku nilipoijua Blitzortung.

Kwa asiyeijua, huu ni mtandao wa watu wa kujitolea wanaosikiliza radi. Aliyeuanzisha ni Egon Wanke, profesa wa sayansi ya kompyuta kwenye chuo kikuu cha Heinrich Heine pale Düsseldorf, na vituo vyake sa hivi ni zaidi ya 1,000 duniani, karibu vyote viko nyumbani kwa watu, darini, kwenye gereji, nyuma ya kabati. Mwenye kituo ananunua vifaa kwa pesa yake, anaunganisha mwenyewe kwa lehemu, analipia umeme na intaneti mwenyewe, na anachopata ni kuona data za wote. Sisi wengine tunaangalia ramani bure, hamna usajili, hamna malipo.

Yule mzee jirani naye ana kituo, alinipeleka darini kwake nikakiona. Antena yake ni vijiti vyeusi vya feraiti, vinene kama kidole gumba, vimezungushiwa waya mwembamba na kupachikwa vikikingamana ndani ya bomba la plastiki, chini kuna ubao wa saketi wenye taa ndogo, na kisanduku cha GPS kimebandikwa kwenye kioo cha dari ili kione mbingu. Basi. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi. Tukakaa pale kimya, taa ikawaka ghafla, akasema hio ni radi, inaweza ikawa Italia au popote.

Hapo nikakumbuka redio ya baba. Yani kama umekulia kwenye nyumba yenye redio ya masafa ya kati unaijua hii, mvua bado hata wingu hulioni, lakini taarifa ya habari inakwaruza, krrra, krrra, na baba anasema anueni nguo. Ndo kitu kilekile! Radi ikipiga inatoa wimbi la redio, na sehemu kubwa ya nguvu yake iko chini kabisa kwenye masafa marefu sana ambayo yanasafiri maelfu ya kilomita. Baba alikuwa na kituo kimoja, sikio lake, kwa hiyo alijua ipo ila hakujua iko wapi. Hawa wana vituo vingi na kila kimoja kinaandika kwa saa ya GPS ni lini hasa mkwaruzo umefika. Wimbi linakwenda mita 300 hivi kwa kila sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo tofauti ndogondogo za muda kati ya kituo na kituo zinatosha kompyuta kupiga hesabu na kusema imepiga hapa. Ndani ya sekunde chache doa limetokea kwenye simu yako.

Kuhusu matumizi yenyewe. Ramani iko kwenye tovuti yao, na kuna nyingine, LightningMaps, inayotumia data hizohizo na mimi ndo naipenda zaidi. Radi mpya inang'aa, kadiri inavyozeeka inabadilika rangi mpaka inakuwa nyekundu iliyofifia, kwa hiyo ukiangalia mkia wa rangi unaona wingu limetoka wapi na linakwenda wapi bila kusoma neno lolote. Unaweza kuwasha mistari inayochorwa toka pale radi ilipopiga mpaka kwenye vituo vilivyoisikia, na ukiwasha sauti kila radi inagonga tik. Niseme ukweli ile tik ndo inayonifaa kuliko yote nikiwa mikono iko kwenye udongo, tik moja moja naendelea na kazi, zikianza kufuatana kama mtu anamwaga punje za mahindi kwenye sinia najua wingu linakua nguvu, na hata wataalamu wanakubali kwamba radi zikiongezeka kwa ghafla ni dalili ya mvua ya mawe au upepo mkali kuwa njiani.

Lakini kitu kilichonikamata moyo ni duara. Kila radi ikipiga, kwenye ramani linatokea duara linalopanuka polepole, na upanukaji wake ni mwendo wa sauti, yani lile duara ni ngurumo yenyewe inatembea. Mwaka jana Agosti usiku nimesimama dirishani jikoni na binti yangu wa miaka saba, taa tumezima, doa likatokea upande wa Moers ng'ambo ya Rhine, mwanga tumeuona, sauti bado. Duara likaanza kuja. Likavuka mto. Likapita bandarini. Binti ameweka kidole kwenye alama ya nyumba yetu anahesabu, ishirini na moja, ishirini na mbili, duara likagusa kidole chake na palepale ngurumo ikafika vioo vikatetemeka. "Baba, imefika!" Tangu siku hio hajawahi tena kuogopa radi usiku, anauliza simu iko wapi. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota sita.

Sasa ile nusu. Hii ramani inakuambia radi iliyopiga, haikuambii itakayopiga. Wingu ambalo bado halijatoa radi ya kwanza kwake halipo, na wingu kama lile lililonila nyanya linatoa ya kwanza likiwa tayari liko kichwani kwako. Pia haikutenganishii vizuri radi iliyoshuka ardhini na ile iliyoruka ndani ya wingu, na doa linaweza kukaa pembeni kidogo ya pale ilipopiga kweli. Wenyewe wameandika wazi kwamba sio kifaa cha kulinda maisha wala mali. Mtu anayekaa uwanjani na watoto wa mpira anasema bado, ramani inaonyesha iko kilomita kumi na mbili, huyo anakosea, radi inaweza kutoka pembeni ya wingu na kupiga kilomita kumi au zaidi mbele yake pale ambapo jua bado linawaka.

Kwa hiyo utabiri unautafuta kwingine, na huko nako kuna watu wa kujitolea. ESTOFEX ipo tangu 2002, ni watu wachache wanaopenda mawingu makali, wengine wamesomea wengine walianza wakiwa wanafunzi, wanachora ramani ya Ulaya nzima kwa masaa 24 na kuweka ngazi ya 1, 2 au 3 pale wanapoona kuna hatari ya mawe makubwa, upepo, mafuriko au kimbunga cha mkonga (tornado). Kila siku hawatoi, ni watu wenye kazi zao. Ila wakitoa soma maelezo yao na sio rangi tu, kwa sababu wanakuambia kwa nini. Mi nilijifunza pale mambo matatu ambayo yule mzee jirani anayapima kila asubuhi kabla ya chai. Kwanza kiwango cha umande, yani nyuzi ambazo hewa ikipoa mpaka hapo inaanza kutoa umande, kikipita nyuzi 16 hewa ina maji ya kutosha na yeye anaanza kutafuta turubai. Pili CAPE, ambayo ni akiba ya nguvu iliyomo kwenye hewa ikiachiwa ipande, ikizidi 1,000 unakaa macho, ikizidi 2,000 unaghairi safari. Tatu upepo wa chini na wa juu vikitofautiana sana mwendo na mwelekeo, wingu linainama, mvua yake haiangukii palepale hewa inapopandia, kwa hiyo halijizimi, linaishi masaa.

Na bado kuna kifuniko. Hili ndo linawaliza wapenzi wa radi wote huku, siku ina kila kitu, joto, unyevu, nguvu, wamechaji kamera tangu jana, afu kuna tabaka la hewa ya moto limekaa juu kama mfuniko wa sufuria na hakuna hata wingu moja linalotoboa mpaka jua linazama. Siku nyingine mfuniko unafunguka saa kumi na mbili jioni kwa mara moja na kila kitu kilichokuwa kinachemka kinatoka.

Hapa Ruhr wanaijua siku ya namna hio. Jumatatu ya Pentekoste, tarehe 9 Juni 2014, jioni, ile dhoruba waliyoiita Ela, upepo pale uwanja wa ndege wa Düsseldorf ulipita kilomita 140 kwa saa, miti ya mjini ikaanguka kwa maelfu, watu sita wakafa jimboni. Watatu kati yao walikuwa Düsseldorf, walikimbilia kwenye kibanda cha bustani na mti ukaangukia kibanda. Kibanda kama changu. Kila nikifunga turubai natazama ule mti wa mwaloni ulio nyuma yangu na sisubiri hesabu ya ramani, nikisikia ngurumo ya kwanza naingia kwenye gari au naenda nyumbani, na sirudi mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Nawaomba na nyie mfanye hivyohivyo, nyanya zinapandwa tena.

Najua kuna watakaouliza kama inafanya kazi nyumbani. Inafanya, ila vituo Afrika ni vichache na vimetawanyika, kwa hiyo radi nyingi hazionekani na zinazoonekana doa linaweza kuwa mbali na penyewe. Kaka yangu yuko Mwanza, nikimfungulia usiku naona ziwani madoa yanawaka, kama inavyotakiwa kuwa, maana pale mchana radi ziko nchi kavu na usiku upepo wa nchi kavu unakutana katikati ya ziwa na mawingu yanapandia majini, ndo wakati wavuvi wako kazini. Lakini nilimwambia wazi, kwa mvuvi hii isiwe ndo ya kutegemea, TMA, mamlaka ya hali ya hewa Tanzania, wana rada hapo Mwanza na wanatoa tahadhari, asikilize hizo kwanza, ramani iwe ya kuongezea.

Ila nataka kituo kiwepo pale. Mzee ameniandikia kwenye karatasi vinavyohitajika: mahali mbali na televisheni, chaja za simu na taa za LED kwa sababu zote zinatoa mikwaruzo ya uongo, intaneti ya kudumu, umeme usiokatikakatika au betri ya akiba. Desemba naenda na redio ndogo ya masafa ya kati, tutazunguka nayo nyumbani kwa kaka chumba hadi chumba tusikie wapi kuna utulivu.