TOPCAT: programu ya bure ya kutazama makundi ya galaksi yakizeeka

Mwalimu wa fizikia au mwanafunzi wa chuo anayetaka kushika data halisi ya anga, aipakue TOPCAT leo. Ni programu ya bure ya kusoma na kuchora majedwali, kazi ya Mark Taylor wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza. Inataka Java tu. Kompyuta yangu ni ya zamani, RAM ya GB 4, lakini jedwali la mistari laki kadhaa linafunguka bila kusuasua nikilihifadhi kwa FITS, muundo wa faili wa wanaastronomia, badala ya CSV. Na intaneti naihitaji wakati wa kuvuta data tu; bando likiisha, kazi inaendelea.

Swali langu ni moja: katika kundi la galaksi, zenye mwanga mkali ni ngapi, hafifu ni ngapi, na hesabu hiyo imebadilikaje tangu kale? Nilianza na kundi la Coma, umbali wa miaka ya nuru milioni 320 hivi. Dirisha la Cone Search linakuvutia galaksi za eneo lile. Unabakiza zenye z (kiasi mwanga ulivyovutwa kuelekea wekundu, kinachoongezeka na umbali) ya 0.015 hadi 0.032, na zilizo mbele au nyuma ya kundi zinaondoka. Toa 35, kwa ajili ya umbali wa Coma, kwenye kila magnitudi (kipimo cha mwanga; namba ndogo ni mwanga mkali) upate mng'ao halisi, chora histogramu, mhimili wa wima uwe wa logi. Upande wa mwanga mkali galaksi ni za kuhesabika, NGC 4889 na NGC 4874 zikiongoza. Kisha idadi inaruka juu, halafu inaendelea kupanda polepole kuelekea hafifu. Ndilo umbo ambalo mwanaastronomia Paul Schechter aliliandikia fomula mwaka 1976. Fomula hiyo unaichapa mwenyewe kwenye Function, na mstari wake unapita juu ya histogramu yako. Siku hiyo nilichelewa sana kulala.

Uhondo wenyewe uko kwenye kulinganisha. VizieR, hazina ya mtandaoni ya majedwali ya anga, ina orodha za EDisCS, mradi wa kuchunguza makundi ya mbali ambayo mwanga wake ulianza safari mabilioni ya miaka iliyopita. Mwaka 2004 mwanaastronomia De Lucia na wenzake waliyaweka kando ya Coma: galaksi nyekundu kubwa zilikwishakuwepo, ila nyekundu hafifu zilikuwa chache kuliko leo. Yaani majitu yalijengeka mapema, na tangu hapo yanafifia kadiri nyota zake zinavyozeeka. Ndogo zimeingia kundini baadaye, zikapoteza gesi, zikaacha kuzaa nyota na kuwa nyekundu. Wengine wamepata tofauti ndogo zaidi, kwa hiyo ubishi ungalipo, na ndiyo maana napenda watu wachore wenyewe.

Upungufu upo. Menyu ni za Kiingereza. Marekebisho ya mwanga wa galaksi za mbali, ule uliovutwa kuelekea wekundu, utayafanya kwa Python kisha urudishe safu hiyo kwenye jedwali. Muda ambao mwanga umesafiri, hata hivyo, programu inaukokotoa yenyewe: ipe z kwenye zToAge.

Naipa nyota 5.