Komiki za maadui: ipi uagize kwanza ukiwa Mwanza

Wadau wa Rock City, hii ni kwa wale wanaotaka komiki ambayo adui ndo steringi. Sio zile anatokea kurasa tatu za mwisho anapigwa ngumi anapelekwa jela, hapana, yani hadithi yake mwanzo mwisho, unakaa kichwani mwake, unajua anawaza nini akiamka asubuhi. Tangu muvi ya Joker ya 2019 watu wengi wanaziulizia, na ziko nyingi mno, kali zipo na za hovyo zipo, sasa huku kwetu komiki huendi kuichukua dukani kama daftari, unaagiza, unalipia usafiri, unasubiri, kwaiyo ukichagua vibaya imekula kwako.

Mimi nazipanga kwa vitu viwili. Cha kwanza hadithi iishe ndani ya kitabu ulicholipia, maana kuna mfululizo una volyumu kumi na ukipata ya kwanza leo ya pili huioni mpaka mwakani, utaachwa hewani. Cha pili, na hiki ndo kikubwa, adui abaki adui. Kuna waandishi wakishamweka mbele wanaanza kumsafisha, mara alionewa utotoni, mara kumbe ana huruma, ukifika mwisho unakuta ni steringi yule yule kabadilishiwa nguo tu. Mi nataka nimwelewe mpaka nianze kumkubali, alafu nishtuke kwamba namkubali.

Hiki kitu zamani hakikuwezekana kirahisi. Marekani mwaka 1954 wachapishaji wa komiki walijiwekea sheria zao, Comics Code, na moja ilisema wema lazima ushinde na mhalifu aadhibiwe. DC, wachapishaji wa Superman na Batman, wakaja kujaribu mwaka 1975 kumpa Joker jarida lake mwenyewe, likatoka matoleo 9 likasimama. Na unaelewa kwanini, Joker ambaye tayari unajua atadhibitiwa kila toleo ana utamu gani sasa. Ndo maana karibu kila kitu ninachokutajia hapa kimetoka kuanzia miaka ya 80 mwishoni kuja huku.

Namba moja kwangu ni Luthor, ya Brian Azzarello na mchoraji Lee Bermejo, ishu 5 (yani matoleo membamba matano yaliyokusanywa kitabu kimoja), ilitoka 2005. Angalia sana hapa, kitabu hiki kimeuzwa kwa majina mawili, kwanza Lex Luthor: Man of Steel na baadae Luthor peke yake, usije ukanunua vyote viwili ukidhani ni mwendelezo. Humu anayeongea ni Lex mwenyewe, yule adui wa Superman. Anajenga jengo refu la sayansi pale Metropolis, mji anaokaa Superman, anatengeneza shujaa wake anaitwa Hope, na muda wote anakueleza kwa utulivu kabisa kwanini Superman ni hatari kwa binadamu, kwamba kiumbe mwenye nguvu zile akiamua siku moja kubadilika hakuna wa kumzuia. Na ukimsikiliza unaona ana pointi! Tena mwanzoni anapiga stori na mfanya usafi wa usiku ofisini kwake, anamuulizia kijana wake, anaonekana bosi mstaarabu. Alafu mtazame Superman Bermejo alivyomchora, yuko juu, giza usoni, macho mekundu yanawaka, hacheki, haongei. Yani mchoro wenyewe unakuonyesha dunia kwa macho ya Lex kabla hajakuambia neno. Halafu polepole unaanza kuona bei ya mipango yake na nani anailipa, na hapo ndo kitabu kinakukaba. Kiingereza chake sio kingi, kurasa nyingine maneno machache tu, kwaiyo hata kama Kiingereza cha kusoma hakijakaa vizuri hiki utakimaliza.

Ya pili, ya zamani kidogo, Doctor Strange and Doctor Doom: Triumph and Torment, mwaka 1989, kaandika Roger Stern kachora Mike Mignola, yule ambaye baadae alikuja kumtengeneza Hellboy. Kuna watakaosema mbona Doom, ambaye ndo adui, anagawana nafasi na Strange, ambaye ni mchawi shujaa, sawa, lakini moyo wa hadithi ni wa Doom. Kunafanyika shindano la wachawi, Strange anashinda, Doom anakuwa wa pili, na kanuni inamtaka mshindi amtimizie wa pili ombi moja. Doom, mtu mwenye majivuno kuliko wote, mfalme wa Latveria, nchi ya kubuni, asiyeomba mtu kitu, anaomba asaidiwe kwenda kuzimu kuitoa roho ya mama yake iliyoshikwa na shetani Mephisto. Kwa sisi tuliokulia kwenye nyumba ambazo habari za mama mzazi hazina utani, hii inagusa vibaya mno. Na Stern hamfanyi Doom malaika, njia anayoitumia kumwokoa mama yake ni ya Doom kweli kweli, sitaki kukumalizia. Hadithi yenyewe ni kurasa kama 80 hivi inaisha hapo hapo, na toleo lililorudi 2013 wameongezea hadithi nyingine, kwaiyo unapata kitabu kilichoshiba. Rangi zake ni za kizamani, usitegemee mng'ao wa komiki za leo.

Tatu naweka The Superior Foes of Spider-Man, Nick Spencer na Steve Lieber, ishu 17 kuanzia 2013 mpaka 2014. Hawa sio maadui wakubwa, ni wale wa mtaani, vibaka wenye mavazi: Boomerang, Shocker, Speed Demon, Beetle na Overdrive. Boomerang ndo msimulizi na ni muongo wa kiwango cha juu, anawadanganya wenzake na anakudanganya na wewe msomaji, unafika mahali inabidi urudi nyuma kuangalia alichosema mwanzo. Aliyekua anasoma Sani na vituko vya Ndumilakuwili atamtambua mtu wa aina hii haraka sana, ndo maana mtu wa Bongo ambaye hajawahi kugusa komiki ya Marvel, wachapishaji wa Spider-Man, nampa hii bila wasiwasi. Shida yake mbili, imegawanywa volyumu tatu ndogo hivyo hakikisha unapata zote kwa pamoja, na Kiingereza chake ni cha utani wa mtaani wa kule, kuna vichekesho vitakupita.

The Superior Spider-Man ingekuwa juu zaidi isingekua urefu. Mwisho wa 2012 kwenye ishu ya 698 mpaka 700 za Amazing Spider-Man, adui Doctor Octopus ambaye yuko karibu kufa anabadilishana akili na Peter Parker, yani Spider-Man mwenyewe, Peter anakufa ndani ya ule mwili mgonjwa, na Otto, ndo jina halisi la Octopus, anaanza maisha ndani ya mwili wa Spider-Man. Dan Slott akaendesha hivyo kuanzia 2013 kwa ishu 31. Mashabiki wa Marekani walikasirika kwelikweli. Lakini isome, kwa sababu Otto anataka kuthibitisha kwamba yeye ni bora kuliko Peter na kwenye mambo mengine kweli ni bora: anasambaza viroboti vya kupeleleza mji mzima, anarudi chuo kuchukua PhD ambayo Peter hakuwahi kuimaliza, anaajiri watu wa kumsaidia. Kila mbinu ina akili na kila mbinu inaenda mbali kidogo kuliko inavyotakiwa. Ukiitaka tafuta yenye neno Complete Collection, ziko mbili, ya kwanza inaanzia ishu 698 za Amazing kwaiyo tukio la kubadilishana lipo humo humo. Ukiuziwa volyumu ndogo moja moja utalipia usafiri mara nyingi bure.

Villains United ya Gail Simone, 2005, ishu 6, michoro ya Dale Eaglesham, nayo nzuri na ndo mlango wa kuingilia Secret Six, mfululizo uliofuata. Maadui wengi wamejiunga chama kimoja kikubwa na wachache wakakataa, basi hao waliokataa ndo unaowafuata. Catman, ambaye miaka ya nyuma alikua kichekesho cha DC, humu tunamkuta anaishi Afrika na simba, na simba wake wanauawa. Sisi tulio karibu na Serengeti tunaweza tukatamani Afrika ile ichorwe kwa uangalifu zaidi, lakini hasira ya yule bwana imeandikwa vizuri. Ukiipenda mfululizo wa Secret Six wa 2008 mpaka 2011 ni ishu 36, jipange.

Sasa Joker. Najua ndo aliyekuleta. The Killing Joke ya Alan Moore na Brian Bolland, 1988, kila muuzaji atakupa hiyo kwanza na mi nakwambia iwe ya mwisho kati ya za kununua, sio kwamba ni mbaya, mchoro wa Bolland hauna mpinzani, ila ni fupi, haifiki kurasa 50, na bei yake huwa hailingani na ufupi huo. Alafu kinachonikera ni Barbara Gordon, binti wa mkuu wa polisi, anapigwa risasi ili tu baba yake aumizwe, yeye mwenyewe hadithi haimuulizi kitu. Kilichomtokea baada ya hapo kiliandikwa sehemu nyingine, kwenye Suicide Squad ya John Ostrander ambako mwaka 1989 ndo alirudi kama Oracle, mtu wa kompyuta na taarifa, na hiyo Suicide Squad iliyoanza 1987 ni kitu kikubwa mno, Amanda Waller ndo bosi wao, jela ya Belle Reve, wafungwa wanatumwa kazi za kufa, lakini ni ishu 66, anza na Trial by Fire uone kama unaiweza. Kama ni Joker tu unamtaka, chukua Joker ya 2008, Azzarello na Bermejo wale wale wa namba moja, inasimuliwa na kijana wa kazi anaitwa Jonny Frost ambaye anadhani kumfuata Joker kutampandisha chati. Ni ya watu wazima, damu na mateso, usimpe mwanafunzi wa sekondari.

Wanaomtafuta Thanos baada ya muvi ya Infinity War: The Infinity Gauntlet ya 1991, ishu 6, ila jiandae, humu haui nusu ya viumbe kwa sababu ya hesabu za rasilimali kama kwenye muvi, anafanya hivyo kumfurahisha Kifo, ambaye humu ni mwanamke, Thanos anampenda ila mwanamke mwenyewe hamjali. Irredeemable ya Mark Waid ni kali ila ishu 37. Wanted ya Mark Millar mi singenunua, ukatili wake hauna inapoupeleka.

Namna ya kuipata. Vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini huku mjini mara chache sana vinakua na komiki, na ukikuta mara nyingi ni ishu moja ya katikati. Dogo anamuuliza muuzaji, "Anko, hii ina mwisho au inaendelea?" anajibiwa, "We chukua tu mdogo wangu, kali hiyo." Angalia mwenyewe: nyuma ya kava au ukurasa wa mwanzoni huandikwa ina ishu namba ngapi mpaka ngapi, kama ni 1 mpaka 5 na hadithi ina ishu 5 uko salama. Fungua katikati kabisa uvute karatasi taratibu, gundi ikiwa imekauka kurasa zinaachia hapo hapo. Soma herufi ndogo kwenye vibango vya maneno, zikiwa na ukungu kama picha ya picha, hiyo imechapwa kiholela.

Njia ya uhakika zaidi ni kumpa oda muuza vitabu wa Dar au Nairobi alafu mzigo uje kwa basi, uupokee stendi Nyegezi au Nyamhongolo. Ungana na wenzako wawili watatu, gharama ya mzigo inagawanyika na mtabadilishana. Mpelekee muuzaji jina kamili la kitabu, jina la mwandishi na picha ya kava, maana ukisema "nataka ya Joker" ataleta yoyote. Kwa simu, app ya Kindle inakuonyesha paneli (kile kiboksi cha mchoro) moja moja, ambayo kwa Superior Foes inafaa sana, ila Luthor kwenye kioo kidogo unapoteza michoro. App ya Marvel Unlimited unalipia kwa mwezi unasoma nyingi, kama unataka Spider-Man wote wa Otto hesabu kwanza bei yake ukilinganisha na hizo Complete Collection mbili.

Na ikishafika, kwa wanaokaa karibu na maji, Kirumba, Capri Point, Igombe huko, usiiweke sakafuni wala kuiegemeza ukuta wa nje, unyevu wa ziwa unaleta madoa ya kahawia pembeni mwa karatasi. Iweke juu ya kabati, ndani ya mfuko wa plastiki, na vile vipakiti vidogo vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu usivitupe, tia kimoja humo.